Aliyekutoa Nje

Salma mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza hivi: mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Niliishia darasa la saba, lakini hilo nililishika, na mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiupitisha darasani wenzangu wauone. Leo naona mwanzo ule haunifai. Wewe bado hujawa mbali. Uko chumba cha pili, nakusikia unafunga zipu ya begi, unaifungua, unaifunga tena. Ila hofu ipo. Hiyo sitakudanganya.

Sitakuandikia habari ya koti zito, wala ya kula, wala ya kupanda magari ya watu usiowajua. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyaigiza kwa sauti yangu mbele ya baba yako. Nilikusikia kutoka jikoni, na nikakubali kwamba unajua kuigiza. Nataka kukuandikia habari ya mtu mmoja tu, yule aliyekutoa nje ulipokuwa kichanga. Uliniuliza siku moja ukiwa mdogo, nikakujibu uongo.

Unaikumbuka asubuhi ya Dede? Tulikuwa bado kwenye jengo lile la kwanza hapa mjini Crystal, na juu yetu walikaa wale Waghana, Korkor na mumewe Tetteh. Korkor alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza, na mama yake aliyekuwa aje kutoka Accra alinyimwa viza. Nilimpikia Korkor uji wa pilipili manga tangu aliporudi kutoka hospitali. Wenzake walimletea vyakula vya makopo. Mimi nilipeleka uji, mchuzi wa samaki na maandazi, na mpaka leo hakuna mwanamke Minnesota nzima, Mtanzania wala Mkenya, anayeumua maandazi kama mimi. Wanajua wenyewe, ila hawasemi.

Basi siku moja Tetteh akashuka na mzee wao mmoja, amevaa kitambaa kimezungushwa begani juu ya sweta. Wamekaa kwenye kochi letu, wameshika chupa ya pombe kali. Nikawaambia chupa hiyo ikae huko huko kwenu, humu ndani tunaswali. Mzee akacheka, akaiweka nje ya mlango kama kiatu. Halafu akasema walilojia. Kwao mtoto akitimiza juma lake la kwanza hutolewa nje alfajiri, anaonyeshwa dunia, anapewa jina. Kabla ya hapo ni mgeni tu, hajaamua kukaa. Wa kiume hutolewa na mwanamume, wa kike na mwanamke. Na mwanamke huyo huchaguliwa.

"Hatumpi mtu yeyote tu," mzee akasema. "Mtoto huchukua tabia ya anayemtoa. Tumewaangalia wanawake tunaowajua hapa. Tumekuona wewe."

Salma, si unanijua? Hapo masikio yangu yaliziba, nikasikia sifa peke yake. Wametazama Waghana wao, wametazama Waliberia, wakashuka ngazi kuja kwangu mimi, mtoto wa Muheza! Nikasema, "Mmechagua vizuri." Baba yako akanikanyaga mguu.

Alfajiri ile kulikuwa na baridi ya kukata pua. Ulikataa kubaki ndani, ukavaa mabuti ya baba yako, ukasimama nyuma yangu umeshika gauni langu. Waghana walikuwa wamevaa nyeupe juu ya makoti, wanaonekana kama mito ya kulalia iliyosimama. Walitandika mkeka kwenye kizingiti cha mlango mkubwa wa jengo, maana huko nje theluji ilikuwa inafika magotini. Mzee akamwaga pombe chini kidogo kidogo huku anaomba, na mimi nikivuta miguu nyuma isinirukie. Kila akimaliza neno, wote wanajibu kwa pamoja, "Hiao!" Mara ya tatu na wewe ukajibu. Sauti yako ndiyo ikawa kubwa kuliko zote.

Kisha wakatakiwa kurusha maji juu ya paa ili yamdondokee mtoto kama mvua ya kwanza. Tetteh akarusha bakuli zima juu ya kile kibati cha mlangoni. Tukangoja. Hakuna kitu. Maji yalikuwa yameganda huko huko juu.

"Mvua ya hapa ina kiburi," mzee akasema. "Leteni ya birika."

Wakaleta ya birika, yakadondoka yanafuka moshi, tone moja likamwangukia mtoto kwenye paji la uso. Mzee akamgusisha mkekani mara moja, akaniwekea mikononi, nikatoka naye. Hatua chache tu kwenye theluji. Nikamwinua juu kidogo. Kulikuwa bado na nyota. Hakulia, alifumbua macho akanitazama, na Mungu anisamehe, nilijiona mkubwa kuliko jengo lile.

Wakati huo huo akatokea yule mzungu wa chumba cha mwisho, mwenye ndevu, anakwenda kazini na kopo lake la chakula. Akasimama. Anaona watu weusi wamevaa nyeupe, gizani, na kichanga kwenye theluji.

"Kuna shida?" akauliza.

"Hakuna," Tetteh akamjibu. "Tunamwonyesha Amerika."

Mzungu akamtazama mtoto, akavua kofia yake ya sufu, akasema, "Basi karibu." Akaenda zake. Korkor, ambaye tulimkataza kutoka, alikuwa analia nyuma ya kioo.

Mtoto akaitwa Dede, ndilo jina la binti wa kwanza kwao. Tukapanda juu kula. Walikuwa na ugali wao uliochachuka, umefungwa kwenye maganda ya mahindi, na samaki wa kukaanga na pilipili nyeusi iliyonitoa machozi, nikasema ni baridi. Na hapo ndipo ulipokuja ukaniegemea, mdomo una mafuta, ukaniuliza kwa Kiingereza chako: Mama, mimi nani alinitoa nje?

Nikakujibu, "Mimi mwenyewe."

Si kweli. Aliyekutoa ni shangazi yako Zuhura.

Hujawahi kulisikia jina hilo. Najua, maana mimi ndiye niliyehakikisha hulisikii, na baba yako ndiye aliyehakikisha mimi silitaji. Zuhura ni mdogo wake baba yako, wa kumfuata kabisa. Nilipoolewa nilimkuta pale nyumbani Muheza, msichana mrefu, anacheka huku ameziba mdomo kama mtu anayekula kitu cha kuiba. Hakuwa na mazoea ya kuaga. Mnazungumza, unageuka kuchochea moto, ukirudi mkeka una joto lake na yeye hayupo. Mama mkwe wangu alikuwa akisema, "Huyu ni moshi." Lakini alinipenda. Nilipokuwa mgeni kwenye nyumba ile, ni yeye aliyenionyesha kila kitu kinakaa wapi, pamoja na vile vilivyofichwa.

Wewe ulipozaliwa mimi nilishikwa na homa, nikalala kama gogo. Kitovu chako kilipodondoka, siku ya kukutoa ikafika, na kwetu anayemtoa mtoto ni shangazi. Kazi yake ni ndogo. Anakubeba, anakuzungusha nyumba, anakuonyesha jua, anakurudisha kwa mama yako. Zuhura akakuchukua. Mimi nipo kitandani, nasikia vigelegele dirishani, halafu vikanyamaza. Nikasikia watu wanaitana. Nikasikia mkwe wangu anauliza, "Amekwenda naye wapi?" Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa.

Alikuwa amekupeleka relini. Nyumba ya babu yako haikuwa mbali na stesheni, na treni ya kutoka Tanga ilikuwa inapita saa zile. Akarudi anacheka ameziba mdomo, wewe umelala. Babu yako akafoka mpaka fimbo ikamponyoka. Zuhura akakuweka ubavuni kwangu, akaninong'oneza, "Wifi, nimemwonyesha njia ya kutokea."

Kabla hujaota jino, akapanda treni ile ile. Hakuaga. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa vizuri, umeegemezwa ukutani.

Sasa nisikilize. Kwetu hakuna anayesema kwamba mtoto humfuata aliyemtoa nje. Hilo si letu, sikulisikia kwa bibi wala kwa mama. Nilikwenda kwenye sherehe ya watu wa nchi nyingine, nikala chakula chao, nikasifiwa, na nikaondoka na imani yao imening'inia kwenye nguo bila kujua. Ningeiacha pale pale mlangoni, kama mzee alivyoacha chupa yake. Lakini Dede hakuniacha niiache.

Dede ni mimi. Unajua mwenyewe, na umecheka sana. Alipoanza kutembea alitembea na mikono kiunoni. Alipoanza kusema alisema anaweza. Siku moja Korkor kashuka, amechoka, amemshika mkono.

"Mama Salma, mtoto wako ananitesa."

"Wangu yupi? Wangu yuko shule."

"Huyu hapa. Kamwambia mwalimu wake kwamba anasoma vizuri kuliko mwalimu."

"Kwani uongo?" nikauliza.

"Si uongo," Dede akasema.

Korkor akatutazama wote wawili, akampigia Mungu wake magoti palepale kwenye zulia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Na usiku ule ule sikulala. Kwa sababu nilifikiri: kama huyu amechukua mdomo wangu kwa dakika chache tu nilizomshika, wangu mimi alichukua nini relini?

Tangu hapo nikaanza kumwona Zuhura. Sisemi nilimwona kama mtu anavyoona jini. Nilimwona kwako. Ulianza kuziba mdomo ukicheka, na daktari wa meno alisema ni kwa sababu ya vile vyuma vya meno, lakini mimi sikumsikia daktari. Nilikuwa nikikusemesha jikoni, nikigeuka nakuta kiti kitupu. Unakumbuka treni ya mizigo inayopita hapa karibu, ile inayolia honi ndefu? Kila ikilia nilikuwa nasimama kwenye mlango wa chumba chako kuangalia kama upo. Ulikuwa unadhani nakagua kama umezima taa. Mara nyingine ulikuwa macho, umegeukia dirishani, unaisikiliza. Nilikuwa naogopa, Salma. Mimi, niliyejifunza kuendesha gari kwenye barafu wakati wanaume wa Dar wanangoja kiangazi.

Ile siku ya Bloomington, kwenye lile duka kubwa lenye bembea ndani, ulinipotea wakati nalipia viatu. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kibondei. Nilikukuta umeshika uzio, unatazama vile vigari vinavyokimbia juu kwenye reli. Umetulia kabisa, mdomo umeuziba kwa mkono. Nikakuzaba kofi mbele za watu. Mlinzi akaja, akaniuliza maswali, na wewe ndiye uliyenitetea, ukamwambia mama yangu aliogopa tu. Ndani ya gari uliniuliza nimekukosea nini. Nikasema, "Ukiwa mama utajua." Hilo ni jibu la mtu asiye na jibu. Kofi lile bado liko kwenye kiganja changu, naliosha kila siku kazini nikiosha wazee wa watu, na haliondoki.

Ndiyo maana hukulala kwa yule rafiki yako wa Roseville, ingawa mama yake alinipigia simu mwenyewe, mwanamke mstaarabu. Ndiyo maana hukwenda Chicago na wenzako wa shule. Nilisema ni gharama. Haikuwa gharama. Walikuwa wanakwenda kwa treni.

Na ndiyo maana, ulipochaguliwa chuo cha Ohio, nilisema kile ambacho hujanisamehe bado. Kila mtu kanisifu kwa ajili yako. Kwenye Idi nilikutangaza mpaka watu wakatafuta viatu vyao. Halafu nikarudi nyumbani nikakuambia huendi, vyuo vipo Saint Paul, utapanda basi. Ulinitazama ukasema, "Huniamini hata kidogo." Ulikaa wiki na wiki humu ndani unapita kama mpangaji. Na mimi moyoni nasema, ndiyo haya, mkeka unakunjwa.

Sasa nikuambie kilichonigeuza, maana unadhani ni baba yako.

Ni Korkor. Nilikwenda kwake, kule walikohamia, akawa ananisimulia huku anamsuka Dede. Akaniuliza mbona nimekonda. Basi nikamwambia. Baada ya miaka yote hii nikamweleza habari za Zuhura na reli, na kwamba desturi yao imenikosesha usingizi. Nilidhani atanipa pole. Akasimamisha kitana hewani.

"Wewe mwanamke! Aliyenitoa mimi alikuwa shangazi wa baba yangu. Mtu mpole, maisha yake yote hakuvuka hata mto wa pale kijijini. Niangalie sasa! Naendesha gari kwenye ziwa lililoganda!"

"Na mimi nitaendesha kuliko wewe," Dede akasema.

"Tulia, Mama Salma mdogo, nitakuchana sikio." Kisha Korkor akaniambia taratibu, "Tabia tunayoomba mtoto aichukue ni njema. Hatusemi anachukua na bahati ya mtu. Hatusemi anachukua alichofanyiwa." Akasuka kidogo. "Huyo wifi yako, alipoondoka, nani alikwenda kumtafuta?"

Nikafungua mdomo. Dede akageuka akanitazama, maana hajawahi kuona mdomo huu umekosa neno.

Hakuna aliyekwenda. Ndilo jibu. Babu yako alisema hilo jina lisitajwe kwenye uwanja wake, na sisi wote tukalimeza. Na kuna jambo jingine nililimeza mimi, sijamwambia Korkor, nakuambia wewe. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unasimama. Alikuja mwanamke muuza kanga kutoka Mombasa, akakaa ukumbini, akatandaza mali yake. Katikati ya kutandaza akasema, bila kuinua macho, "Zuhura anawasalimu. Anauliza, mtoto wa kaka yake ameanza kutembea?"

Babu yako akasema, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Na wewe, Salma, wakati huo huo uliachia goti langu. Ulipiga hatua mbili kwenye kanga za yule mwanamke ukaanguka kitako. Ndizo hatua zako za kwanza. Muuza kanga alikuona. Alinitazama, ananingoja niseme. Neno lenyewe moja tu: anatembea. Baba yako alikuwa huku Minnesota anasoma, mimi ni mke wa mtu kwenye nyumba ya watu, na nilichagua kuangalia maua ya kanga. Nikanunua ya njano. Akafunga mzigo akaenda.

Miaka yote nilikuwa nakuogopa wewe kwa sababu ya miguu ya Zuhura. Miguu yake haikuwa na kosa. Aliondoka kama wanavyoondoka vijana, kwa haraka na bila adabu, kisha akageuka akaita, na sisi tukafunga masikio. Zuhura hakupotelea njiani, mwanangu. Alipotelea nyumbani.

Kwa hiyo nilirudi kutoka kwa Korkor nikakuambia nenda. Ulishangaa, ukadhani naumwa. Sikukueleza, kwa sababu kueleza kungefika kwa baba yako, na jina lile ndani ya nyumba hii limekuwa kama waya wa umeme uliochunika. Mtu anajifunza kupita pembeni yake.

Leo jioni nimeugusa. Baba yako alikuwa sebuleni anafunga maboksi yako kwa kamba, unajua anavyofunga, kana kwamba yanakwenda vitani. Nikamwambia, "Baba Salma, naandika barua. Namwandikia habari za Zuhura."

Aliendelea kufunga. Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga. Nikangoja anifokee, nimejiandaa na majibu yangu matatu mazuri.

Akasema, "Nilimtafuta."

Sikuelewa. Akarudia, bado ameinamia boksi. Mwaka ule alipokuja kutuchukua Muheza, aliaga kwamba anakwenda Dar kushughulikia karatasi zetu za safari. Hakwenda Dar. Alikwenda Mombasa. Mama yake alimnong'oneza habari za muuza kanga. Akatembea mitaa, akauliza sokoni, akafika mpaka kwenye nyumba aliyokuwa amepanga Zuhura. Mwenye nyumba alimwambia alikuwa mpangaji mwema, anaimba akifua, na alikuwa amehama na mtoto mchanga mgongoni, hakusema anakwenda wapi. Baba yako akakaa kwenye baraza ile mpaka magharibi. Kisha akarudi kwetu na viza mfukoni, nami nikampokea kwa pilau, nikamsifu kwa jinsi alivyozishughulikia upesi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Kwa sababu sikumpata."

Salma, miaka yote hii nimelala ubavuni kwa mtu huyu, nikidhani amemsahau dada yake, na nikimwogopa kwa hilo. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamlinda mwenzake na jina moja. Nilikaa chini sakafuni pale kwenye maboksi yako. Akaanza kunisimulia Zuhura wa utotoni, jinsi yeye alivyomfundisha dada yake kuendesha baiskeli kwa kumsukuma mteremkoni, na akacheka, na kicheko chenyewe nusu kikageuka kilio. Nikamshika mkono nikamwambia nyamaza, usiniambie mimi. Mimi nilimjua. Mwambie huyu anayeondoka.

Amekubali. Mimi sitakuja Ohio. Nina shifti, na nikija nitalia kuanzia Wisconsin mpaka mgeuze gari. Mtakwenda wawili. Barua hii nitakupa mkononi ukinywa chai, uisome kabla hajawasha gari, ili ujue nini kinakuja. Unamjua baba yako, hawezi kuanza jambo kwa kichwa chake. Ataanza na bei ya petroli. Atakuonyesha mahindi ya watu, atasema udongo wa hapa ni mweusi. Mvumilie. Usivae vile vidude vyako vya masikioni, na usijifanye umelala kama unavyofanya ukiwa naye garini; anajua, huwa ananiambia.

Na akikaa kimya muda mrefu, muulize wewe. Mwambie, "Baba, shangazi Zuhura alikuwa mtu wa namna gani?" Umtaje kwa jina lake, kwa sauti, ndani ya gari. Baba yako hajaulizwa tangu alipoinuka kwenye baraza ile.

Mimi mama yako,
ninayekungoja uniambie alichojibu.